Maneno Yaliyomtangulia Mama Funguo

Siku majibu ya usaili yalipotarajiwa, Mama Funguo aliwahi hospitalini kuliko wote, akafungua stoo ya vifaa na kuifagia mara mbili. Roho ilikuwa juu juu. Nafasi ya mtunza stoo mkuu ingejazwa asubuhi hiyo, na kama si yeye, angeletwa mgeni, naye angebaki pale pale alipo mpaka astaafu.

Na alipo palikuwa wapi? Hapo ndipo Kiingereza kilipomchezea. Barua zake zote za kazi ziliandikwa kwa lugha hiyo, na kila barua ilikuja na neno lake la kumshusha. Binti yake alipoingia sekondari, walikaa mezani na kamusi wakazipitia moja moja. Mama Funguo aliona kamusi ina adabu mno, akatunga maana zake mwenyewe. Kazuali ni mtu ambaye asipokuja kazini hakuna anayeuliza yuko wapi. Junia ni mtu mzima anayetumwa na waliozaliwa juzi. Asistanti anabeba funguo zote lakini hana mlango. Sabodineti walilicheka mpaka wakapaliwa na chai, neno refu namna ile kwa mtu wa chini namna ile!

Kisha likaja ekting, na hilo halikumchekesha hata kidogo. Miaka sita alifanya kazi yote ya mkuu wa stoo, akagombana na walioleta dawa zilizokaribia kuisha muda, akapanga mashuka mpaka mgongo ukamuuma, na kila akifungua mdomo kikaoni alikumbushwa kwamba anashikilia tu. Wakubwa vyeo vyao vilikuwa vifupi. Mkurugenzi ni mkurugenzi, basi. Cha kwake kilijaza mstari mzima kikamwagikia wa pili.

Saa nne karani wa utawala akabandika karatasi ubaoni. Mama Funguo alitoka mbio, kandambili zikilia, akajipenyeza katikati ya madaktari bila kuomba radhi. Hakulitafuta jina lake. Alitafuta cheo cha stoo kisicho na neno lolote mbele, akakiona, akasogeza kidole polepole kuelekea kwenye jina.

Lilikuwa lake!

Alipiga kelele mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini. Kisha akampigia binti yake.

"Mama, tulia kwanza. Soma vizuri. Ekting ipo?"

"Haipo!"

"Na asistanti je? Junia?"

"Mwanangu, hakuna kitu mbele! Peupe!"

Huko upande wa pili binti naye akaanza kupiga vigelegele, na wote wawili wakawa hawasikilizani tena.

Aliporudi stoo alimkuta muuguzi wa wodi ya watoto mlangoni na fomu ya kuombea glavu. Siku zote fomu kama hiyo aliisaini kwa kuandika kwanza fo, yaani kwa niaba ya bwana mmoja wa ghorofa ya tatu ambaye hajawahi kukanyaga stoo. Kati ya maneno yote, hilo dogo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, kila siku, mara ishirini.

Alikaa. Akafungua kalamu. Mkono ulitaka kuanza kwa mazoea, akauzuia, akavuta pumzi na kuandika jina lake tu, kwa herufi kubwa zilizojaa furaha.

Muuguzi akainama kutazama, akacheka. "Mama, mbona saini imevuka mstari?"

"Iache ivuke," akasema Mama Funguo, machozi yakimlenga, akanyanyuka kwenda kumtolea glavu zake.