Thebeetsile na Kibanio cha Lorwaneng

Thebeetsile ni mtoto wa jirani yangu, Mma Thebe, na hapa Lorwaneng wengi wanamkumbuka kwa siku ile alipotambaa kwa mikono na magoti ndani ya kibanio cha ng'ombe, hereni ya namba wanayovalishwa ng'ombe sikioni ikining'inia kwenye kofia yake, watu wakimcheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwepo, na nilicheka pia. Lakini mimi namkumbuka kwa mengine, na nayasema hapa kwa sababu wanaume ninaoweza kuwasema vizuri ni wachache.

Alizaliwa mdogo na akabaki mfupi. Baba yake alimtoa shuleni mapema akampeleka huko mbali malishoni, na alipotoka huko alirudi na kidole kilichopinda kwa kamba ya ndama na tabia ya kuimbia puani. Si wimbo hasa, ni mlio tu, kama nyuki ndani ya kopo. Ng'ombe wakiusikia wanatulia. Fahali aliyekuwa akirusha vumbi anashusha kichwa na kuanza kucheua. Na anacheka kabla ya kusema kichekesho chake, kwa hiyo unajikuta umeshacheka naye na bado hujui unacheka nini.

Kazi ya mashine aliianzia kwenye mashimo. Kampuni moja kutoka Gaborone ilikuwa inazunguka vijijini kufunga mashine za kusoma namba za hereni, wakataka mtu wa kuchimba mashimo ya nguzo. Walipoona kwamba ng'ombe wanapita bila fujo akiwepo yeye, wakaendelea naye. Akabeba nyaya, akashika spana, akajifunza kufunga betri na sola. Miaka mingi alikuwa wa kubeba tu. Mama yake alikuwa akiniambia uani, "Mwanangu anajua kazi yote, lakini jina lake haliitwi."

Halafu likaitwa. Kampuni ilimpa lango la kwanza la kufungia mashine peke yake, na lango lenyewe lilikuwa hapa kwetu. Malori ya wanunuzi, ambao hawachukui ng'ombe asiyesomwa na mashine, yangekuja Ijumaa, na msimamizi wake, Rra Modukanele, kwetu bwana huitwa Rra, angekuja nayo kukagua. Mashine ikisoma, Thebeetsile anakuwa fundi kamili. Isiposoma, anarudi kubeba nyaya, na mashine inang'olewa na kupelekwa kijiji kingine, nasi tuendelee kuswaga ng'ombe njia nzima mpaka wafike mnada wa mbali wamekonda.

"Mamdogo," aliniambia jioni aliyofika, akikwangua chungu changu cha ugali wa mtama na maziwa ya mgando, "safari hii hakuna wa kumsingizia. Ikiharibika, nimeharibu mimi."

"Usikwangue chungu kama fisi. Haitaharibika."

Kibanio chenyewe, ile njia nyembamba ya kupitishia ng'ombe mmoja mmoja, kilikuwa kipya, cha mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi ya bluu. Kilitolewa na Rra Gabanakgosi. Huyu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko wote hapa. Juu ya kibanio, katikati, alichomelea tao la chuma lenye jina lake kwa herufi kubwa. Mimi sikusoma, lakini jina lile nalijua kwa umbo.

Nitasema kidogo jinsi ng'ombe wake walivyokuwa wengi hivyo. Mume wangu alipofariki nilivaa nyeusi. Kwetu mjane aliyevaa nyeusi hapiti katikati ya ng'ombe wala hasogelei zizi, wasije wakatupa mimba. Nikatii. Nilikaa uani mwangu mwaka mzima nikisikia kengele za ng'ombe wangu zikipungua. Siku nilipovua nguo zile nikaenda zizini, nilikuta mavi makavu na lango limefungwa vizuri kwa kamba. Shemeji zangu waliniambia wamewahamisha kwa usalama. Wapo salama mpaka leo, zizini kwake. Kwangu walibakiza zizi lenyewe, nguzo za mti wa mopane ambazo mume wangu alizikata ujana wake, zimekauka na kuwa ngumu kama jiwe, na zile mbili za langoni zina alama yake aliyoichoma kwa chuma cha moto. Watu waliniambia nizifanye kuni. Sikuzifanya kuni.

Basi Thebeetsile akafunga bamba la mashine kwenye mabomba ya bluu, chini ya tao. Ni bamba jeusi, pana kama mlango wa kabati, na waya wake unakwenda kwenye kisanduku chenye taa. Akafunga hereni moja ya njano kwenye kofia yake, akapiga magoti, akaingia kibanioni.

Bamba likanyamaza.

Akarudi nyuma, akaja tena, akilia kama ndama. Kimya. Watu waliokuja kutazama walikuwa wengi, na Mma Pono muuza maandazi alikuwa wa kwanza kupaza sauti.

"Thebe! Huyo ng'ombe mbona hana mkia?"

"Mfupi mno huyo, wanunuzi hawamtaki!"

"Mwacheni jamani, anatafuta mke humo!"

Alicheka nao, akatoka na magoti yenye mavi. Lakini nilimwona akifuta mikono kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ni kofia ilipogusa bamba kabisa ndipo mashine ilipolia, pii, kidogo tu. Na ng'ombe hawezi kuambiwa aje aguse bamba kwa sikio.

Alizima kila alichoweza kuzima. Alisogeza betri mbali. Alimwomba Mma Pono azime redio yake, akatukanwa kidogo kwa hilo. Hakuna kilichobadilika. Kesho yake asubuhi alilitoa bamba kwenye mabomba, akaliegemeza kwenye gari la punda la mama yake, la mbao, uwanjani peupe. Akaja akitembea na kofia yake. Alipokuwa bado hajalifikia, kwa urefu wa mkono ulionyooshwa, bamba likalia. Akarudi, akaja. Likalia.

Akakaa chini mchangani, akaniita.

"Mamdogo, umeona? Hereni haina betri. Imelala tu ndani ya sikio la ng'ombe. Hili bamba linapiga ukelele ambao sisi hatuusikii. Hereni inaamshwa na ule ukelele, inajibu namba yake, basi. Sasa nikilizungushia chuma, chuma kinaula ukelele wote. Na lile tao juu ndiyo baya kabisa, limeliziba kama mkono mdomoni."

"Kwa hiyo chuma kitoke."

"Pale katikati kitoke, pande zote mbili. Na tao."

Tulitazamana. Kisha tukatazama jina lililokuwa juu ya tao.

Nilikwenda naye kwa Gabanakgosi, nikasimama nje ya ua, maana uani kwake siingii. Nilisikia yote.

"Unataka kukata chuma changu?"

"Katikati tu, Rra. Nitaweka mbao ngumu."

"Kijana, chuma kimetoka mjini, mashine imetoka mjini. Vyote vimetoka kwa wajuzi. Kilichotoka hapa Lorwaneng ni wewe. Tengeneza mashine yako, uache chuma changu."

Mimi ningemjibu. Nimekuwa na majibu ya mtu yule kifuani siku nyingi. Lakini Thebeetsile alisema kwa sauti ileile anayoimbia ng'ombe, "Sawa, Rra. Naomba basi maksai wako wachache tuwapitishe. Pengine mimi ndiye ninayenuka vibaya."

Gabanakgosi akacheka, akawatoa maksai, tena walio wanene. Walipita wote chini ya jina lake, masikio yao yana hereni, na mashine haikutoa hata pii moja. Thebeetsile alimwacha mwenye maksai atazame mwenyewe migongo ya mali yake ikipita bila kuonekana.

"Na Ijumaa itakuwa hivi?" Gabanakgosi akauliza.

"Ijumaa itakuwa hivi, Rra. Lakini lile tao, nilikuwa nawaza. Pale katikati linaonekana na ng'ombe tu. Tukilihamishia kule mwanzo, malori yanapoingilia, madereva wataanza kulisoma jina lako wakiwa bado barabarani."

Mzee akatazama barabara. Akatazama jina. "Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

Ndivyo alivyo Thebeetsile. Mimi ningelikata tao lile nikalitupa korongoni. Yeye alilisogeza tu, na mzee akamsaidia kulibeba.

Lakini mbao zilikuwa taabu. Shemeji yangu alisema chuma ametoa, na ameruhusu kikatwe katikati, ila mbao hatoi. Dukani kulikuwa na mbao za msonobari, na msonobari maksai anauvunja kwa nyonga moja. Mti mbichi ukikatwa unapinda ukikauka, na siku zenyewe hazikuwepo. Jioni ile Thebeetsile alikuja kwangu, na nikampakulia, na hakukwangua chungu. Hapo ndipo nilipojua kuwa mambo ni mabaya.

"Kula."

"Nimeshiba, mamdogo."

"Hujawahi kushiba tangu uzaliwe."

Alitabasamu kidogo, akatazama nje. Kutoka kwangu, mtu akikaa kwenye kile kigoda, anaona zizi la mume wangu. Alikuwa akiliona tangu alipofika kijijini, na ni fundi, anajua mti mkavu akiuona. Hakuwa ameniomba. Alikaa pale na shida yake yote na hakuniomba, kwa sababu alijua ni kitu gani nilichobakiziwa.

Nilikuwa nimezoea kulitazama zizi lile kila asubuhi na kusaga meno. Mtu huzoea hata hilo.

"Zing'oe," nikamwambia.

"Mamdogo..."

"Zing'oe kabla sijabadili nia. Na zile mbili za langoni pia."

Asubuhi tulikwenda. Kabla ya kutia sururu alivua kofia, akasimama langoni, akamwambia mume wangu kama anavyozungumza na mtu aliye hai: "Rra Larona, ni mimi Thebe wa jirani. Nachukua nguzo zako nikazipe kazi. Mkeo yupo hapa, ameniruhusu." Halafu akaanza kuchimba, akiimbia puani. Niligeuka nikatazama kwingine mpaka macho yakakauka.

Alifunga nguzo kwa kamba za ngozi badala ya waya, chuma kisirudi kwa mlango wa nyuma. Bamba akaliweka kati ya zile mbili za langoni. Wakati akifanya kazi alinionyesha kila kitu, na sikujua anakusudia nini. Taa ya kijani, iko tayari. Nyekundu, betri ina njaa, futa vumbi kwenye sola. Lango la kuingilia usilifungue tena mpaka ng'ombe wa kwanza ametoka, maana wawili wakibanana hereni zao zinajibu pamoja na mashine haisikii hata moja.

"Kama wake wenza," nikasema.

Alicheka mpaka akadondosha spana.

Ijumaa Rra Modukanele alifika na malori, mtu mrefu mwenye viatu visafi. Ng'ombe wa Gabanakgosi walitangulia, kama kawaida. Thebeetsile alikuwa amesimama kando, midomo imefungwa, haimbi. Wa kwanza akaingia. Pii. Wa pili, pii. Wakaendelea, na kila mmoja mashine ilimwita, hata mwenye haraka aliyepita karibu mbio. Katikati yao alipita ng'ombe jike mzee mwenye madoa, pembe moja imeinama. Huyo nilimkamua mimi miaka na miaka. Alipita kati ya nguzo za mume wangu, alama ya mume wangu kushoto na kulia kwake, alama ya shemeji yangu pajani. Pii. Akanigeuzia sikio. Akaenda.

Rra Modukanele akatazama kisanduku chake, akamshika Thebeetsile bega. "Hakuna aliyepotea. Fundi, kazi nzuri." Mma Thebe alipiga vigelegele, na Mma Pono akagawa maandazi bure, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

"Nani ataitunza?" Rra Modukanele akauliza. "Tunahitaji mtu mmoja wa kufungua lango na kuangalia taa."

"Mma Larona," Thebeetsile akasema. "Nimeshamfundisha."

Gabanakgosi akageuka. "Mwanamke? Kibanioni?"

Thebeetsile akacheka kwanza, kama kawaida yake, lakini safari hii kichekesho hakikufuata. Akaweka mkono juu ya alama iliyochomwa kwenye nguzo. "Rra, lango hufunguliwa na mwenye nguzo. Hizi ni za nani?"

Shemeji yangu aliitazama alama ya mdogo wake mbele ya kijiji kizima. Angeweza kusema mengi kuhusu ng'ombe, amekwisha kuyasema, anayo tayari. Kuhusu nguzo hakuwa amejiandaa.

"Za Rra Larona," akasema.

"Basi."

Ng'ombe wangu hawakurudi. Sitaki mtu adhani walirudi. Lakini siku ya mnada ikifika naamka, nafuta vumbi kwenye sola, nangoja taa ya kijani, na ng'ombe wote wa Lorwaneng, wa maskini na wa Gabanakgosi, wanangoja mimi nifungue. Wa Gabanakgosi siku hizi hawatangulii. Wanapita kwa zamu.

Thebeetsile sasa yuko kaskazini huko, anafunga mashine kwenye malango mengine, jina lake linaitwa. Hajaoa bado, mama yake anamlilia. Siku ya mnada lazima apige simu.

"Mamdogo, inalia?"

"Inalia. Unakula?"

"Nakula, lakini chungu cha huku hakikwanguliki."

Na anacheka, nami nacheka, na nyuma yangu mtu anapiga kelele kwamba ng'ombe wake wamechoka kungoja.