Mguu wa Nne wa Kabati

Baba alinifundisha kusoma umri wa samani kwa miguu yake. Useremala aliupata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa na karakana Dar es Salaam kabla ya uhuru, na mambo ya Italia aliyazungumza kana kwamba alizaliwa huko, ingawa hata Nairobi hakuwahi kufika. Zamani sana, alisema, matajiri wa kule walikuwa na masanduku mazito yaliyokaa juu ya makucha ya simba. Wakaja wapenda makuu, wakajaza kila pembe dhahabu na watoto wenye mabawa. Waliowafuata wakauchoka uzito ule, wakaikunja miguu ikawa myembamba kama ya mbuzi. Baadaye mafundi wakawakumbuka Warumi wa kale, miguu ikanyooka. Mwisho vikaja vyuma na ngozi, na hapo baba alinyamaza, kwa sababu vyuma havikumpa cha kusimulia.

Nyumbani tulikuwa na kabati moja la Kitaliano, ambalo baba alipewa na yule bwana alipofunga karakana. Miguu mitatu ilikuwa ya simba. Wa nne, wa mbele kulia, ulikuwa umeliwa na mchwa, basi baba akachonga mwingine. Simba hakuwahi kumwona. Alivua kiatu, akautazama mguu wake mwenyewe, akachonga. Kidole chake cha mwisho kilipinda na kukilalia cha jirani tangu alipoangukiwa na gogo, na kwenye kabati kikapinda vilevile. Tulimcheka miaka. Wageni wakija, mama alisogeza stuli kuuziba mguu ule.

Alifariki nikiwa Guangzhou nanunua vitambaa. Simu ilinikuta hotelini, barabara ya Huanshi Zhonglu. Nilihangaika na ndege, nikafika nyumbani siku ya pili alasiri, nikawakuta wanaume wanarudi makaburini, wanakung'uta udongo kwenye kanzu. Sina wa kumlaumu. Kwetu maiti haimngoji msafiri. Lakini sikumuaga, na baba hakuondoka. Nilimsikia akikohoa ukumbini. Barabarani niligeuka ghafla kwa sababu ya mwendo wa mtu nisiyemjua, uliofanana na wake. Mama, kwa uchungu wake, akaliuza kabati kabla arobaini haijatimia, na nilipokwenda Kariakoo kulikomboa, mfanyabiashara aliyelinunua alikuwa ameshaliuza Komoro.

Mwaka uliofuata nilirudi Guangzhou. Mwenzangu mmoja wa Mombasa, mwanamke kama mimi, aliyenunua samani na kukijua Kichina cha sokoni, alinipeleka kwenye karakana nje kidogo ya mji nimshauri, maana nilikuwa nimejigamba kwamba mitindo ya Kitaliano naijua. Mwenye karakana, laoban kama tulivyowaita matajiri wote wa pale, akatutembeza. Nilicheka kimoyomoyo. Kiti kimoja kilikuwa na miguu ya mbuzi na mgongo wa dhahabu, karne mbili zimegombana kwenye kiti kimoja. Tulipopinda kona, nikasimama.

Makabati yalipangwa mstari ukutani, mapya, yananukia vanishi. Kila moja, kwenye mguu wake wa mbele kulia, lilikuwa na kidole kilichopinda.

Mwenzangu akaniulizia. Laoban akaeleza kwamba mteja kutoka Dar, mwenye duka Kariakoo, alileta picha ya kabati la kale la Kitaliano, akaagiza mengine kama lile, na sasa yanangoja kontena. Fundi wake huchonga anachokiona kwenye picha, hapunguzi wala haongezi. Basi watu wasiomjua walikuwa wamemchonga baba yangu.

Nilihisi yupo. Nilihisi nikiinua macho nitamwona ameegemea kabati, anatafuta miwani iliyo kichwani mwake. Niliogopa, na nilifurahi mno. Mwenzangu alipokwenda kubishana bei ya viti, nilipiga magoti, nikakishika kile kidole, nikakipapasa.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikalia.

Nilipoinuka, laoban alikuwa nyuma yangu akinitazama. Nilimwonyesha kile kidole, nikamwonyesha kabati, nikajigonga kifua: hili, langu. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akaniashiria nirudi kesho. Usiku huo sikusikia kikohozi. Nililala nikijua kabati nitaliweka wapi chumbani, na kwamba hapo nitamuaga kwa raha zangu.

Kesho yake laoban alitupokea kwa chai, uso wote furaha. Makabati yalikuwa palepale. Yote yalikuwa na miguu minne ya simba, makucha yamenyooka, na pale patasi ilipopita vanishi bado mbichi.

Katika soko la Guangzhou mnunuzi hagusi kitu bure. Ukiweka kidole mahali, umeonyesha kasoro. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kila siku, kwenye kila jora la kitambaa. Na hapa niliweka kidole, tena nikatoa machozi.

"Dada, laoban yuaomba radhi," mwenzangu akatafsiri. "Asema hakujua kama ile picha ina kosa. Wameyarekebisha makabati yote, hata lile la sampuli walilochonga kwanza. *Meiyou wenti*, hakuna shida tena."

Nikamuuliza vile vidole wamevipeleka wapi. Laoban akaonyesha jiko lililokuwa likichemsha maji ya chai. Kikombe changu nilikuwa nimekifikisha nusu.

Mlangoni mafundi walikuwa wakikung'uta vumbi la mbao kwenye nguo zao. Kwa mara ya pili nilifika wamekwishamaliza.