Nani Anakushikia Kazi?

Siku ya kwanza ya kazi koko aliingia ofisini na viatu vya kuazima. Koko, mama ya mama yangu, alikuwa shefu wa personeli, yaani msimamizi wa wafanyakazi, katika hospitali moja ya hapa Kasongo mpaka alipostaafu. Mimi naona haya kusema mbele ya watu, lakini yeye akisimulia, naandika.

Mkurugenzi alimuuliza, "Mama Sifa, mwaka huu unalenga nini?"

"Watu wasikosekane kazini."

Lengo, koko ananieleza, ndilo unalotaka kazi ifikie, na wewe mwenyewe utapimwa kwalo. Akalibandika ukutani.

Kisha Asumani, mfuaji wa mashuka ya hospitali, akafiwa na mjomba wake kule Wamaza. Kanuni ilitoa ruhusa ya kilio cha baba, mama, mtoto, bibi au bwana. Mjomba hakuwamo. Asumani akaenda hivyo hivyo, mashuka yakarundikana.

Aliporudi, mkurugenzi akasema, "Mama, lengo ni lako. Mufukuze."

Asumani aliketi mbele ya koko, kichwa kimenyolewa. "Mama Shefu, ule mujomba ndiye alinilea. Ningebaki hapa kufua, kesho nani angenizika mimi?"

Koko akaona lengo lake linapigana na kilio, na kilio hakishindwi. Akalibandua, akarudi kwa mkurugenzi.

"Tufukuze lengo, si mutu. Tuandike lingine: anayekwenda kilio aache mwenzake wa kumushikia kazi."

"Na wakienda wote?"

"Nitafua mimi."

"Nitakuja kuangalia."

"Uje na mashati yako."

Mkurugenzi akacheka, Asumani akabaki. Wakurugenzi wengine wakaja wakaondoka, lakini mpaka leo mwenye msiba hupewa pole kwanza, kisha huulizwa, "Nani anakushikia?"

Mwezi uliopita babu alifariki. Watu wa hospitali walijaa uani kwetu. Koko akawatazama mmoja mmoja.

"Asumani iko wapi?"

Nikaogopa ataumia kwamba Asumani hakuja.

"Iko hospitali, Mama Shefu," mmoja akajibu. "Anatushikia sisi wote."

Koko akajifuta uso na kitenge, akanigeukia. "Mufungie Asumani chakula. Umupelekee wewe."

Nilimkuta mikono imejaa povu. Hakuuliza mimi ni nani. Nikasema mwenyewe, kwa sauti, "Nimetumwa na Mama Shefu."