Kobe wa Darajani

Mchezo wenyewe wa kompyuta ulikuwa wa kitoto. Kulikuwa na kifaranga wa bata na vitufe viwili, kimoja cha kukimbia na kimoja cha kuruka. Lakini katikati ya daraja alilala kobe mzee aliyevaa miwani, na kila nilipomruka, kifaranga alijikwaa kwenye gamba lake akatumbukia mtoni. Wiki nzima! Alasiri moja nikaipiga meza kwa hasira, chai ikamwagika.

Shangazi yangu, ninayeishi kwake hapa Bagamoyo, akaja na tambara. Alipomaliza kufuta akakodolea macho kioo.

"Huyo mzee unamruka?"

"Ni kobe tu, shangazi."

"Mtu mzima harukwi. Hebu nipishe."

Akaketi, akamkimbiza kifaranga mpaka mbele ya kobe, kisha akaachia kitufe. "Shikamoo," akasema kwa niaba ya kifaranga, akangoja. Nilikuwa karibu kumwambia kuwa mchezo huu hautaki adabu, unataka wepesi wa vidole. Mara kobe akafumbua macho, akainuka polepole, akasogea pembeni. Kifaranga akapita.

"Marahaba," shangazi akamjibia kobe, akarudi jikoni kwenye vitumbua vyake.

Nikaanza upya. Nilipofika darajani nikaachia kitufe, nikatupia jicho mlango wa jikoni, maana nina umri wa kuona haya.

"Shikamoo," nikanong'ona.

"Kwa sauti!" akafoka shangazi kutoka jikoni.