Pumzi kwenye gurudumu

Juzi, nikiwa na binti yangu sokoni Kasongo, niliona kijana amepindua baiskeli yake, anazungusha gurudumu huku akilisikiliza. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, uani kwetu. Baba na rafiki yake wa Kabambare, Papa Omari, walikuwa wamepindua zao. Walizungusha magurudumu pamoja. Litakalosimama mwisho ndilo lililotunzwa vizuri. Palinuka mawese na mpira wa tairi.

Niliamini kwamba atakayeshindwa ataiacha baiskeli yake, nasi tutaenda shambani kwa miguu. Basi gurudumu la Baba lilipoanza kuchoka, nilichuchumaa nikalipuliza kwa siri, mpaka nikaona kizunguzungu.

Baba aliniona. Akaweka kiganja kwenye tairi, likasimama.

“Yako imeshinda, Omari.”

“Mbona yako ilikuwa inazunguka bado?”

“Iko mutu anaipuliza.”

Papa Omari alicheka, akaondoka na baiskeli yake tu. Yetu ilibaki. Kwa nini Baba alikataa kushinda? Nilijiuliza miaka mingi.

Juzi yule kijana alinitazama, nami nikapindua baiskeli yangu, tukazungusha pamoja. Gurudumu langu lilipoanza kuchoka, binti yangu alichuchumaa, akavimbisha mashavu. Kabla hajapuliza, kiganja changu kilikuwa kimeshashika tairi.