Rosa Kiden na Ndoo ya Barafu

Rosa Kiden alikuwa mfunga vidonda katika zahanati moja ya Koboko, mji wa mpakani, kazi aliyojifunza ukimbizini Zaire, ambako alichana mashuka kuwa bendeji. Alirudi mwaka 1986 bila cheti, ila na mikono inayojua kazi. Wenye vyeti hawakumsamehe jambo hilo.

Mwaka 1991 akaja Daktari Ezati kutoka Arua, mtoto wa nyumbani aliyesoma Ulaya na kurudi na viatu visivyopenda vumbi. Alitaka kuchunguza jinsi ubongo wa kijana unavyopokea maumivu. Kifaa chake kilikuwa ndoo ya maji ya barafu: kijana anatumbukiza mkono, daktari anatazama saa, kisha anauliza maumivu ni mangapi kati ya kumi. Kiden akawekwa awe mkalimani, kwa kuwa daktari hakuijua lugha ya vijana wa Koboko.

Barafu ilitoka Arua, na barabara ile iliila nusu. Kufikia kijana wa tisa, ndoo ilikuwa na maji ya kunawa tu. Daktari aliendelea kuandika kwa makini, kama mtu anayepima mvua kwa chungu kilichotoboka.

Hata wale wa kwanza, walioikuta barafu, hawakulalamika. Keji, msichana wa miaka kumi na mitano, binti wa askari wa zamani, alikaa dakika tatu uso mkavu. Kiden aliona vidole vyake vya miguu vimejikunja, vinakwaruza sakafu. Daktari hakutazama chini.

"Iko ngapi?" Kiden akamuuliza kwa niaba ya daktari.

"Sifuri."

Jioni daktari alimsomea Kiden hitimisho: vijana wa hapa, kwa sababu ya vita, bongo zao zimekufa ganzi. Kiden akamweleza kwamba baba yake Keji humchapa anayelia, na kwamba watoto hawa walivushwa mpakani wakati wa vita, mwaka 1980, wakiwa wamezibwa midomo, askari wasiwasikie. Daktari akasema hizo ni hadithi. Yeye anataka namba.

"Daktari, wewe hapana pima maumivu," Kiden akasema. "Wewe napima adabu."

Akakataa kutia sahihi karatasi ya mkalimani. Ripoti ikaenda bila sahihi yake, wala hakuna aliyeiulizia.

Miezi miwili baadaye Nestor, mkuu wa zahanati, mtu aliyeamini chochote kilichopigwa taipu, akaisoma ripoti ile na kuamuru vijana washonwe bila sindano ya ganzi. Dawa ilikuwa chache, na sasa sayansi imempa ruhusa. Wa kwanza kuletwa alikuwa Dumo, aliyepasuka goti. Kiden alichukua ganzi kabatini mbele ya macho ya Nestor, akamdunga, akasubiri, akashona.

Nestor akamuuliza kama yeye anajua kuliko utafiti. Kiden akamwambia alete goti lake, washone hilo kavukavu, kisha wazungumze. Nestor hakulileta.

Alimhamishia kwenye meza ya kuandikisha wagonjwa. Amri yake lakini ilikufa, maana wahudumu wengine wawili nao walianza kuchukua ganzi bila kumwomba. Kiden alikaa mezani pale miaka minne. Kwa kila kijana aliyeletwa na jeraha, kabla ya kuuliza jina la baba, Kiden aliandika daftarini neno moja kwa herufi kubwa: ANAUMIA.