Safu ya Walioona

Katika gazeti langu la mtandaoni, hapa Kindu, kuna neno moja ambalo halipiti: "banasema", yaani wanasema. Mwandishi akiniletea habari yenye neno hilo, namrudishia na swali: nani aliona? Wiki jana mwandishi wetu wa Kalima alinung'unika kwenye simu.

"Mama shefu, benzetu bameisha kuitoa. Habari yetu sisi inakuja na miguu."

Nilimwambia aiache ije kwa miguu, mradi ifike.

Swali lenyewe si langu. Ni la mama yangu. Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika, baba, aliyekuwa makanika wa reli, alikwama upande wa Kibombo. Siku moja jirani aliingia kwetu, kitambaa cha msiba tayari kichwani.

"Mama, pole. Banasema bwana yako alikufa."

"Nani aliona?"

"Batu njo banasema."

"Basi hao batu bakuje hapa. Nitabapikia sombe, baniambie."

Mama alikataa kukaa matanga. Asubuhi yake alinipa daftari la shule, akanituma bandarini niwaulize wanaoshuka kwenye mitumbwi. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa: huku walioona, huku waliosikia. Waliosikia walijaa haraka. Mmoja alisema homa, mwingine risasi, mwingine alijua hadi rangi ya shuka aliyozikwa nayo. Safu ya walioona ilibaki nyeupe. Kila jioni mama aliitazama hiyo kwanza, kisha akatenga sahani ya baba.

Ndipo akashuka mwuza mawese mmoja. "Mimi nilimuona. Iko anatengeneza baiskeli Kibombo. Alinifungia munyororo, akanicheka."

Nilikimbia hadi nyumbani, daftari likiwa wazi.

Baba alifika miezi baadaye, amekonda, akisukuma baiskeli. Alikula, akaomba daftari, akalisoma polepole.

"Kumbe balinizika mara kumi na moja."

Akachukua kalamu, akaandika chini ya yule mwuza mawese: Mimi mwenyewe.

Mwaka huu kitabu changu kuhusu kazi hii kimetoka, na jalada lake ni ukurasa ule, wenye mwandiko wa baba. Nilimpelekea mama nakala ya kwanza. Alivaa miwani, akaanza kuniuliza, sura baada ya sura, nani aliona. Ilituchukua siku nzima. Hakuna swali nililokosa kulijibu.